Ukingo wa Uji wa Mchele

Mwanangu Tusekile,

Salamu siandiki, maana tumesalimiana asubuhi, na hata sasa nakusikia huko jikoni ukibishana na mama yako juu ya mchele wa kubeba. Atashinda yeye, usijichoshe. Mambo ya nauli, ya simu, ya kufunga mlango wa chumba, ya kutopokea biskuti za watu kwenye basi, ameshakuambia mara tatu na kesho stendi atakuambia mara ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa stoo, nimelaza ubao mmoja wa jipsamu juu ya ndoo mbili ukawa meza, na mvua hii iliyoanza saa nane inanisaidia, kwa sababu hakuna mteja atakayekuja kunitoa.

Nitakupa barua hii leo kabla hujafunga begi. Inahusu vile vipande viwili ulivyovifunga ndani ya kanga.

Ulipotoka kwenye usaili wa kile kiwanda cha jipsamu cha Pwani ulifika hapa hujala, hujanawa, ukaanza kunisimulia. Ukaniambia ulimweleza yule mama mkuu wa kitengo kwamba baba yako ni fundi dari wa Kyela, na kwamba alibuni namna ya kuvalisha karatasi ncha za mbao za jipsamu zilizokatwa ili zisimeguke. Yeye akaacha kuandika, akakuuliza, zimekaa muda gani hizo? Ukamjibu, ukumbi wa kanisa Ipinda, miaka tisa, haujafunguka hata mstari mmoja. Ukamwonyesha picha kwenye simu. Akasema ukija kuanza kazi uje na kipande akione, na wewe mwenyewe ndiye utakayekieleza mbele ya wenzake.

Nilikusikiliza nikatabasamu. Kesho yake nikakukatia vipande viwili, nikavikunja vizuri kuliko vyote nilivyowahi kukunja maishani.

Tusekile, kwenye dari la Ipinda hakuna ukingo wangu hata mmoja.

Nilizitoa mbao zangu zote. Nilianza siku ya Jumatatu asubuhi wakati watu wako mashambani, nikaweka mbao mpya zenye kingo za kiwandani, na kila maungio nikayapandisha juu ya ubao wa fremu kama fundi yeyote anavyofanya. Hiyo picha yako ni picha ya kazi ya kawaida. Aliyejua ni mzee wa kanisa aliyenifungulia mlango, na yeye, Mungu amrehemu, alinifichia siri hiyo hadi akaingia nayo kaburini.

Sasa ngoja nikueleze ilivyoanza, maana wewe unaijua kwa ile insha yako ya darasa la sita, na insha ile ilikuwa na makosa machache ya Kiswahili na kosa moja kubwa la baba.

Unajua mbao zinavyofika huku. Zinapanda lori huko Pwani zikiwa nzima, zikishuka Tukuyu kona zote zimeshapondeka. Ubao wa jipsamu upande wake mrefu umevalishwa karatasi, na umepunguzwa unene kidogo ili tepu na puti vikae bila kufanya kovu. Lakini ncha zake fupi ziko uchi, na kila unapoukata unaongeza uchi mwingine. Ule unga mweupe wa ndani ukikosa karatasi hauna nguvu hata ya biskuti. Skrubu inashika karibu na ukingo. Ukingo ukilegea, skrubu inabaki juu na ubao unashuka.

Mimi nilikuwa na rundo la vipande vilivyovunjika, na nilikuwa na watu wa Makwale na Ipyana wanaotaka dari na hawawezi mbao nzima. Nikawaza, kwa nini nisivivalishe mwenyewe? Nikawa nakata kwa nyuma, vidole vitatu kutoka mwisho, nabandua ule unga taratibu, unabaki ulimi wa karatasi ya mbele. Napiga msasa ncha iwe nyembamba, napaka gundi, nakunja ulimi kuelekea nyuma, nabana kwa matofali siku mbili. Gundi ya dukani ilikataa. Nikajaribu uji mzito wa chenga za mchele, ule wa kubandikia karatasi za madaftari tulipokuwa wadogo. Ukakauka mgumu kama kucha. Nikatundika ndoo ya maji kwenye skrubu moja karibu na ukingo, ikakaa wiki nzima.

Nilifurahi, mwanangu, sikufichi. Mtu wa darasa la saba, na kitu hicho hakikuwapo kwa fundi mwingine yeyote niliyemjua, si Kyela, si Mbeya. Watu wakaanza kuniita Fundi Ukingo, na mimi nikaitika. Nilikuwa nawaambia wateja kwa mbwembwe, mchele wa Kyela nchi nzima wanaula, sisi peke yetu ndio tunaolala chini yake. Walicheka, na kicheko kile ndicho kilichonipa kazi.

Kiangazi hicho nilifanya Ipinda, kisha nikafanya sebule ya shangazi yako Sekela kule Ipyana. Yeye sikumfanyia kama mteja. Ni mdogo wangu wa pekee, alikuwa amefiwa na mume mwaka uliotangulia, nikasema nyumba yake nayo ing'ae. Alisimama mlangoni akiangalia juu hadi kanga ikamdondoka. "Ndaga fijo, kaka," alisema. Shukrani ile naikumbuka kuliko malipo yote ya mwaka ule.

Ndipo mvua za Machi zikaja.

Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa mvua za Machi. Chumvi inageuka maji kwenye kopo. Na uji, hata ukikauka namna gani, bado ni uji. Ukapata unyevu ukalegea, ukaota ukungu, na harufu ikarudi. Nilikuwa natumia mchele wetu wenyewe, ule ambao ukipikwa nyumba ya pili wanajua. Sikuwahi kuwaza kwamba kama unanukia kwangu, unanukia na kwa panya. Walikuwa wanatembea juu ya dari la Ipinda wakifuata maungio moja baada ya jingine, wanakula ukingo wangu kwa mpangilio ambao hata mimi sikuukata kwa unadhifu ule. Fundi wa Mwanza asingefanya kosa hilo, angetumia kitu kingine. Lilihitaji mtu wa Kyela mwenye kiburi cha mchele wake.

Ipinda niliwahi. Ipyana je?

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Ipyana nilikwenda. Nilikwenda wiki moja baada ya kumaliza Ipinda, nikiwa na nia ya kumwambia Sekela kwamba dari lazima lishuke. Nikaingia, nikatazama juu, nikaona mstari wa kahawia kwenye maungio ya katikati, na kando yake ukingo umeachia upana wa sarafu. Niliuona kabisa. Sekela akatoka jikoni na sahani ya ndizi na samaki mbasa wa kuchoma, akaniambia, kaa ule kwanza. Akaanza kunieleza jinsi majirani wanavyokuja kuliangalia dari, jinsi mke wa mwalimu alivyouliza fundi ni nani. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu msiba. Nikala. Akaniuliza, kaka, dari unalionaje? Nikasema, limetulia.

Nikarudi nyumbani nikajiambia nitakwenda mvua zikipungua. Sikuwa na mbao, nikajiambia nasubiri mbao. Zilipofika nikazipeleka kwa mteja mwingine.

Lilianguka mchana, yeye amekaa mkekani anachambua mchele. Ubao mmoja tu, ule wa katikati. Alinitumia mtoto wa jirani, nikaenda na pikipiki nikamkuta amekaa palepale, mweupe nywele hadi miguuni, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Hakuwa analia. Alisema, umekuja, kaka. Kisha akasema nimwangalizie mchele umeingia unga.

Wewe unajua shangazi yako aliteleza kwenye jaruba la mpunga. Hivyo ndivyo nilivyokuambia, na mama yako nilimwambia hivyo, na kanisani waliomba kwa ajili yake hivyo. Uliwahi hata kumtania kwamba amelima miaka yote hiyo na bado hajui kutembea kwenye tope, naye akacheka, akanitazama.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuambia nusu. Nusu nyingine ndiyo mbaya zaidi.

Sekela alitaka kwenda hospitali. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia tukienda watauliza.

"Watauliza nini?"

"Watauliza dari la nani."

Kisha akasema, "Basi nipeleke unakotaka."

Nilimpeleka kwa yule mzee wa kuunga mifupa. Mzee alijitahidi kwa kadiri ya anachokijua, na sina neno naye. Alimfunga vijiti na majani, akamkanda kwa mafuta ya mawese wiki sita. Bega likaunga vibaya. Tulipofika hospitali baadaye, daktari alishika ule mkono, akauinua hadi hapo unapoishia, akauliza kwa upole kwa nini hatukuja siku ile ile. Nilijibu mimi, nikasema njia zilikuwa zimejaa maji. Njia zilikuwa kavu.

Kwa hiyo ubao ulimvunja, lakini aliyemlemaza ni mimi. Hapandi mpunga tena, hafiki kwenye tunda la kakao lililo juu ya kichwa chake, kitenge anafungiwa na jirani. Nimekaa na jambo hilo miaka tisa. Nilidhani litapungua, halipungui. Kila nikiitwa Fundi Ukingo naitika, kwa sababu nikiacha kuitika wataniuliza kwa nini.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenimaliza mwaka jana bila kujua. Ulinionyesha kwenye simu yako jinsi mbao zinavyotengenezwa kiwandani. Nikaona karatasi inatandazwa, uji wa jipsamu unamwagwa juu yake, na kingo zinakunjwa papo hapo wakati kila kitu bado ni kibichi. Vinakauka pamoja, karatasi inakuwa imeshikwa na unga wenyewe. Nikasema "kumbe." Ulidhani nimefurahi. Nilikuwa nimeelewa kwamba nilichokuwa nakifanya hakikuwezekana tangu mwanzo, si kwa uji wa mchele, si kwa gundi ya Ulaya, maana nilikuwa naunganisha vitu ambavyo muda wake wa kuungana ulishapita. Usitafute fumbo hapo, mwanangu. Nazungumzia jipsamu tu.

Na usifikiri nakuandikia kwa ushujaa. Jumapili iliyopita shangazi yako alikuja baada ya ibada. Mama yako alikuwa amemwambia kwa furaha zote habari ya vile vipande. Alinikuta hapa stoo, nikampa kigoda, akakataa kukaa.

"Kaka, wewe nilikufichia siri kwa sababu wewe ni mkubwa wangu," alisema. "Huyu mtoto simfichi."

Nikamwambia vipande ni vya kuonyesha tu, hakuna mtu atakayevitundika mahali.

"Wakivipenda je?"

Nilikaa usiku tatu nikitafuta jibu na sikulipata. Wakivipenda watajaribu. Wanaweza kuvijaribu kwenye chumba kikavu, wakati wa kiangazi kama mimi, vikashika ndoo kama vyangu vilivyoshika. Wewe utasifiwa. Halafu vitapanda kwenye dari la mtu mwenye mvua kama zetu, na atakayekaa chini yake simjui, wala wewe humjui. Au watavigundua siku ya kwanza, wakituma mtu apande juu ya dari la Ipinda, na wewe uko kwenye miezi yako mitatu ya majaribio, utaonekana umeingia kazini kwa mdomo. Nimeigeuza kila upande na kila upande una wewe ndani yake. Sekela alisema nisipokuambia mimi, atakuambia yeye stendi kesho, mbele ya watu na mizigo. Namjua, angefanya.

Basi vitoe kwenye begi. Utamwambia nini yule mama, sijui. Ukimwambia ukweli wote, huenda akakuheshimu, huenda akajiuliza mtu wa namna gani huyu anayekuja kazini na hadithi asiyoihakiki. Ukimwambia vilivunjika njiani, utakuwa umeanza pale nilipoanza mimi. Siwezi kukuchagulia, na sina imani kwamba mojawapo itakwisha vizuri. Ningependa kukuambia kwamba mkweli hapotezi kitu. Nimeona wakweli wakipoteza. Sekela alinyamaza kwa upendo na akapoteza mkono, mimi nilisema uongo na jina langu bado linasifiwa Ipinda. Sina hesabu ya kukuonyesha inayotoka sawa.

Nilicho nacho ni kidogo sana, kichukue kwa udogo wake. Ukiona mstari wa kahawia, useme hapo hapo, ukiwa bado umesimama. Mimi nilikubali kukaa, nikakubali sahani, na baada ya kumeza tonge la kwanza nilikuwa siwezi tena. Mtu hufikiri uongo unahitaji moyo mgumu. Wangu ulihitaji samaki mmoja na dada mwenye furaha.

Naona aibu, Tusekile. Nimeandika neno hilo na bado halijanitosha. Nilikuwa napenda ulivyokuwa ukinitaja. Mtoto wa fundi anasoma hadi chuo, anaitwa kiwandani kule zinakotoka mbao, na akifika huko anamtaja baba yake. Nilijiona nimefika Pwani kabla yako. Ndiyo maana nilikukatia vile vipande. Nilikuwa nakata huku nikijua.

Mama yako bado hajui. Nitamwambia mkiwa mmeshaagana, basi likiwa limeondoka, ili kesho aweze kukuaga kwa moyo mmoja. Najua hapo nimeahirisha tena. Nimeiona mwenyewe wakati naandika, na sikuifuta.

Shangazi yako usimwombe msamaha kwa niaba yangu, nilishamwomba mimi, alisema yamekwisha, na hayajaisha. Mwite tu kama unavyomwita siku zote. Akikushikia mfuko usimnyang'anye.

Mimi nitaendelea na dari. Sina kazi nyingine ninayoijua na mikono haianzi upya kwenye umri huu. Nikifika kwenye ncha iliyokatwa naiweka juu ya ubao wa fremu, natia skrubu mbali na mwisho, napita. Wateja wakiniuliza ule ukingo wangu wa zamani nitawaambia nilichokuambia wewe. Nasema nitawaambia. Sijawaambia bado, na najua ninavyojijua.

Kazi yako ya kwanza huko, ulisema, ni kwenye kitengo cha kingo. Soma kwao. Uliza maswali ambayo mimi sikuwa na wa kumuuliza, na wakikuonyesha kitu kinachoshika, usikiamini mpaka kipite mvua moja nzima. Na siku watakapokuuliza ni nani aliyekufundisha habari za kingo, usinitaje. Sema hukufundishwa na mtu.

Baba yako,
Ambakisye
Kyela